Inhela ilibaki kwenye sanduku: Familia ilivyojifunza kutembea Lushoto

Walikuwa wametembea chini ya saa moja kutoka geti la msitu wa Magamba wakati msichana wa miaka tisa aliposimama, akashika magoti kwa mikono miwili na kuanza kuvuta pumzi kwa mluzi. Baba yake alikuwa hatua thelathini mbele, simu mkononi, akipiga picha ukungu uliokuwa unapita katikati ya miti. Alipogeuka na kumwona ameinama, alidhani binti anadeka. Akamwambia ajikaze, wamekaribia.

Mama ndiye aliyeijua sauti ile. Alimfikia mtoto, akamwekea kiganja mgongoni, kisha akauliza swali moja tu: Inhela iko wapi?

Inhela ilikuwa kwenye sanduku, chumbani, nyumba ya wageni mjini Lushoto.

Familia hiyo ya watu watano, wakazi wa Kimara jijini Dar es Salaam, ilipanda Lushoto wakati wa likizo ya Juni. Kulikuwa na baba, mama, kijana wa miaka 14, msichana huyo wa miaka tisa na mdogo wao wa miaka mitano. Majina yao hayatajwi kwa sababu ya watoto. Asili ya mama ni Bumbuli, kwenye milima hiyohiyo ya Usambara, lakini tangu bibi mzaa mama afariki hawakuwa na mtu wa kumfuata huko. Watoto waliijua milima kwa picha ya ukutani na kwa kabichi zinazoshushwa sokoni zikiitwa za Lushoto.

Baba amekulia Singida, kwenye nchi ya tambarare, na ni mmoja wa wale wazazi wanaopenda kuwakumbusha watoto kwamba wao walikwenda shule kwa miguu. Safari hii aliipanga yeye. Aliandika kwenye simu: siku ya kwanza Irente, siku ya pili Magamba hadi juu kabisa, siku ya tatu maporomoko, siku ya nne kurudi. Ratiba nzuri. Ilikosa kitu kimoja tu, nafasi ya mtu kuchoka.

Kona za Mombo

Kwa anayetoka Dar es Salaam, safari ni ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha: Chalinze, Segera, Korogwe, hadi Mombo. Hapo joto bado ni la tambarare, wauza matunda na korosho wanakimbilia madirisha ya mabasi, na ukuta wa milima umesimama upande wa kulia. Unakunja kulia, na kilomita zipatazo 33 zilizobaki ni kupanda tu.

Barabara ni ya lami lakini nyembamba, imebanwa kati ya jabali upande mmoja na bonde la mto upande mwingine. Kona hazihesabiki. Kabla ya Soni maji yanaonekana yakiruka juu ya mawe, na watoto wote hukimbilia dirisha la upande huo. Dakika chache baadaye mmoja wao hutapika.

Hili la kutapika si dogo kwa mzazi anayesafiri na watoto watatu kwenye kosta iliyojaa. Mifuko ya plastiki iliyokuwa inaokoa watu ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo beba kopo lenye kifuniko. Mtoto asipande akiwa na njaa wala akiwa ameshiba chipsi mayai za stendi. Mpe chakula chepesi saa moja kabla, mkalishe mbele, mwambie aangalie barabara na si simu. Mdogo wa familia hii alitapika mara mbili kabla ya Soni na baada ya hapo akalala.

Kuna jambo lingine kuhusu barabara hiyo. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, mvua kubwa huweza kushusha udongo na mawe. Mwenye uhuru wa kuchagua apange safari yake nje ya miezi hiyo, na anayeendesha mwenyewe apande mchana.

Halafu ghafla hewa inabadilika. Mji wa Lushoto uko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyeondoka Ubungo alfajiri akiwa na fulana anajikuta saa tisa alasiri anauliza duka la masweta liko wapi. Wajerumani waliupenda kwa baridi hiyo. Waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao, na maofisa wao walikuwa wakipanda huko kukimbia joto la chini. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Baadhi ya majengo ya enzi hizo yangali yanatumika.

Kwa kimo hicho, mzazi asiwe na hofu ya ule ugonjwa wa milima mirefu unaowapata wapandaji wa Kilimanjaro. Hata vilele vya Usambara Magharibi vinaishia meta 2,200 na ushei, na miili ya watoto wengi haitaona tofauti zaidi ya kuhema haraka kwenye mwinuko. Tatizo la Lushoto ni baridi, hasa Juni hadi Agosti, na hasa asubuhi na usiku.

Siku ya Irente

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mno, na pengine ndiyo iliyomdanganya baba.

Irente ni ukingo wa milima, kilomita zipatazo sita kutoka mjini. Njia si ya kutisha. Inapita kati ya nyumba, mashamba ya mahindi na maharage, migomba na miti ya mikaratusi. Wenyeji wanaipita kila siku, wanawake wakiwa na mizigo ya kuni au majani ya ng'ombe kichwani, na wanafunzi wakishuka kwa kasi inayowatia aibu wageni waliovaa raba mpya. Wapo Watanzania wengi wanaosema kutembea milimani ni mambo ya Wazungu. Mtu akikaa nusu saa kando ya njia ya Irente ataona ni nani hasa anayetembea.

Mwongozaji wao, kijana wa Kisambaa waliyempata mjini kupitia nyumba ya wageni, alifanya jambo la busara mapema. Alimweka mtoto wa miaka mitano mbele, yeye akafuata nyuma yake, na wengine wote wakawa nyuma yao. Mtoto akisimama kutazama mdudu, msafara mzima unasimama. Baba alicheka mwanzoni, kisha akaanza kuangalia saa.

Njiani mwongozaji aliwasimulia habari za Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi waliotawala Usambara. Ni hadithi ambayo kila mtoto wa huko hukua nayo, na Abdallah bin Hemedi aliiandika zamani kwa Kiswahili katika kitabu Habari za Wakilindi. Mbegha alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego na alihesabiwa kuwa ni balaa. Ndugu zake walipomkataa akawa mwindaji wa nguruwe, akazunguka na mbwa wake hadi akaingia Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba, na watu wale wakamfanya mfalme wao. Makao ya watawala wa ukoo huo yalikuwa Vuga, upande wa Soni.

Msichana wa miaka tisa aliuliza kwa nini ndugu walimkataa kwa ajili ya meno. Kijana wa miaka 14, ambaye tangu Mombo alikuwa na spika masikioni, alizitoa. Hakuna mtu aliyemwambia azitoe.

Mahali pa kutazamia, ardhi inakatika. Karibu meta 1,000 chini iko tambarare ya Mazinde, na mashamba ya mkonge yamepangwa kwa mistari. Barabara kuu waliyoipita jana imekuwa uzi, magari yanatambaa, na upande wa mbali nyika inaendelea hadi macho yanachoka. Upepo unapanda kutoka bondeni na kupiga usoni.

Hapo ndipo mzazi anatakiwa asiwe na simu mkononi. Ni jabali, kuna mahali ambapo hakuna cha kumzuia mtu, na jiwe lenye umande linateleza. Watoto wadogo washikwe mkono kabla hawajafika, si baada ya kufika. Picha ya familia ipigwe hatua kadhaa nyuma ya ukingo, hata kama ile ya kukaa na miguu ikining'inia ndiyo inayopendwa mitandaoni. Mama huyo alimfunga mdogo mgongoni kwa kanga, miaka mitano na yote, na mtoto akatazama bonde kutoka juu ya bega la mama yake.

Wakirudi walipitia shamba la Irente, ambako hutengenezwa jibini, jemu na mikate, na mgeni huweza kula chakula cha mchana bustanini. Mdogo alikula mkate na siagi, akakataa jibini, akasema inanuka. Walirudi mjini saa 10 jioni wamechoka kwa furaha. Baba akaona ratiba yake inafanya kazi.

Dakika arobaini

Kesho yake asubuhi kulikuwa na baridi zaidi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya paa, na msichana alikohoa mara mbili tatu wakati wa chai. Mama aliona, akamwongezea sweta. Inhela hakuna aliyeikumbuka. Mtoto alikuwa na miezi saba hajabanwa, na kitu kisichotumika kwa miezi saba huanza kuonekana kama mzigo.

Magamba ni msitu wa hifadhi, juu zaidi ya mji, na wageni hulipa kiingilio kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Mtanzania hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini kuliko mgeni wa nje. Ni msitu wa aina nyingine kabisa kwa mtoto aliyezoea miembe na miashoki ya mtaani. Miti imevaa kuvu na majani ya kuning'inia, maji yanadondoka hata bila mvua, na juu mbega weusi kwa weupe wanaruka na mikia yao mirefu kama mashuka yaliyoanikwa. Usambara ni sehemu ya safu ya milima mikongwe inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na ndani yake kuna mimea na wanyama wasiopatikana popote pengine. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu madukani Ulaya, Saintpaulia, lilitoka milima hii. Lilipewa jina la ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyelipeleka kwao miaka ya 1890.

Siku hiyo baba alitaka wafike juu kabla ukungu haujarudi, na akamwomba mwongozaji aongeze mwendo. Safari hii mdogo hakuwekwa mbele. Alibebwa mabegani na kaka yake, na msafara ukafuata hatua za baba.

Hewa baridi, mwinuko na kukimbiza mwendo. Daktari yeyote wa watoto atakuambia kwamba hivyo vitatu vinatosha kumbana mtoto mwenye pumu hata kama amekaa miezi bila dalili.

Mwongozaji hakupoteza muda kumlaumu mtu. Alimkalisha msichana juu ya gogo, wima, ameinama mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja. Hakumlaza. Akaomba wengine wasimzunguke. Mama alifungua zipu ya koti shingoni, akamfunga kanga nyepesi puani na mdomoni ili hewa iingie ikiwa na joto kidogo, akawa anahesabu naye: vuta, toa polepole, vuta, toa polepole. Mdogo alianza kulia, na kaka yake akampeleka pembeni kumwonyesha kima.

Baba alitaka kumbeba binti na kushuka mbio. Mwongozaji alimzuia. Alisogea mahali alipojua mtandao unapatikana, akapiga simu nyumba ya wageni, akamweleza mhudumu sanduku gani, mfuko gani, na kwamba ampe bodaboda anayeijua njia ya Magamba. Kisha akapiga simu ya pili kwa jamaa yake aliye karibu na geti ili aipokee inhela na kupanda nayo kwa miguu. Baba akashuka kukutana naye.

Dakika arobaini si nyingi ukiwa kwenye foleni ya Kimara. Kwa mama aliyekaa msituni akisikiliza mluzi wa kifua cha mwanawe, akitazama kama midomo inabadilika rangi, ni muda ambao hawezi kuusimulia bila kunyamaza katikati. Midomo haikubadilika. Mtoto aliweza kumaliza sentensi fupi kwa pumzi moja, na hiyo, mwongozaji alimwambia mama, ni dalili nzuri. Alikuwa na mdogo wake mwenye pumu.

Baba alirudi akiwa amelowa jasho kwenye baridi ile, inhela mkononi. Baada ya kuvuta mara kadhaa kwa mapumziko, mluzi ulianza kupungua. Walishuka taratibu, mama akimbeba binti wa miaka tisa mgongoni sehemu za mteremko, na mchana ule wakampitisha hospitali ya wilaya mjini ili apimwe. Alionekana yuko salama na akaruhusiwa.

Jioni baba hakula. Mama naye hakusema lolote la kumkaripia, jambo ambalo pengine lilikuwa zito kuliko makaripio. Baba alikwenda kwenye kitanda cha binti yake, akakaa. Alimwomba radhi kwa kumwambia ajikaze. Msichana akamuuliza kama kesho bado wanakwenda kwenye maporomoko.

Mfuko wa mzazi

Mtoto mwenye pumu anaweza kutembea Lushoto, na hakuna sababu ya kumwacha nyumbani. Lakini mwone daktari wake kabla ya safari, umuulize kuhusu baridi na mazoezi, na kama atumie dawa kabla ya kuanza kupanda. Inhela ya kufungua kifua ikae mfukoni kwa mtu mzima anayetembea karibu na mtoto. Isikae kwenye begi la mtu aliyetangulia, wala kwenye gari. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi na kama dawa imebaki, kwa sababu huko juu hakuna duka la dawa. Kama mtoto hawezi kumaliza sentensi fupi, midomo inakuwa ya bluu, au dawa haisaidii, hiyo ni safari ya hospitali mara moja.

Vitu vingine ni vya kawaida. Raba zenye meno zinatosha, mradi si mpya za siku hiyo. Nguo ziwe za tabaka: fulana, sweta, koti la mvua, ili mtoto avue na kuvaa kadiri jua linavyotoka na kujificha. Soksi za akiba. Kofia, kwa sababu hewa baridi humfanya mtu asahau kwamba jua la milimani linachoma, na kwa mtoto mwenye ualbino kofia pana, mikono mirefu na losheni yake si vya hiari. Chupa ya chai ya tangawizi huamsha msafara uliokufa. Chandarua pia, kwani mbu wachache wa mlimani bado ni mbu, na kuna usiku wa kupitia tambarare.

Kuhusu mwongozaji, wapo wazazi wanaoona ni gharama ya bure, njia inaonekana, mtu anaweza kuuliza wenyeji. Familia hii ingeweza kufika Irente bila mtu. Magamba, bila yule kijana, habari ingekuwa nyingine. Tafuta mwongozaji kupitia nyumba ya wageni au ofisi za utalii mjini, mpatane bei na muda kabla ya kuondoka, na umweleze wazi afya ya kila mtoto. Usione haya. Yeye ndiye anayejua mtandao unashika wapi.

Kisha kuna adabu ya njia. Shikamoo inafika kila mahali, na mtoto akifundishwa salamu mbili za Kisambaa atapokelewa kama mjukuu. Yale mashamba ya matuta kwenye mteremko ni chakula cha mtu, hayakatizwi ili kufupisha njia. Usimpige picha mama mwenye mzigo wa kuni bila kumwomba. Na watoto wa vijijini wakikimbilia wageni kuomba pipi au hela, jibu zuri ni salamu na mazungumzo. Mtoto wa Kimara na mtoto wa Irente wana mengi ya kuulizana, wakiachwa.

Mwendo wa mdogo

Siku ya tatu ratiba ilifutwa. Hawakwenda kwenye maporomoko. Mama alisema watembee tu hadi wanapochoka, na mdogo akarudishwa mbele. Walikwenda kama kilomita mbili kutoka mjini, wakafuata mfereji wa maji hadi kwenye kijito, na hapo wakakaa saa tatu. Kijana alisaidia wavulana wawili wenyeji kuziba maji kwa mawe, akatoka matope hadi kiunoni. Mama alikutana na bibi mmoja anayelima karoti, wakaongea Kisambaa, cha mama kikikwamakwama, na ikagundulika kwamba bibi yule amewahi kuozesha binti Bumbuli. Walipewa karoti zenye udongo bado. Mdogo, ambaye nyumbani karoti huzichambua kutoka kwenye pilau na kuziweka pembeni, alikula mbili.

Ni msichana aliyemwona kinyonga. Alikuwa kwenye kichaka kando ya njia, wa kijani, na pembe mbili zimechomoza puani. Usambara inasifika kwa vinyonga, na wageni hulipa kwenda kuwatafuta usiku kwa tochi. Baba alirudi nyuma hatua mbili. Kama wengi wa rika lake, alilelewa akiambiwa kinyonga ni nuksi, na hajawahi kumkaribia. Msichana alichuchumaa, akakaa kimya, akitazama jicho moja la kinyonga likigeuka mbele na jingine nyuma. Mwongozaji alimwambia asimshike, amwache achague. Baada ya muda mrefu, mguu mmoja ulisogea, ukasita, ukayumba kama jani, ukashika tawi.

Mdogo aliuliza kwa nini anatembea hivyo. Hakuna aliyemjibu.

Walikaa hapo hadi kinyonga alipovuka kichaka chote, na baba naye, aliyekuwa amesimama mbali, alikuwa amekaribia kidogo kidogo hadi akachuchumaa nyuma ya binti yake.

Kwa wenye watoto wakubwa, Lushoto ina safari ndefu zaidi. Inayopendwa ni ile ya siku tatu au nne ya kutoka mjini kupitia Magamba, Lukozi kwenye soko kubwa la mboga zinazokwenda Dar es Salaam, Rangwi ambako masista hupokea wageni, hadi Mtae. Kijiji hicho kimekaa juu ya ukingo wa kaskazini, kikitazama Mkomazi na milima ya Upare, na siku ikiwa safi Kilimanjaro huonekana. Njia hiyo inamfaa kijana wa miaka 14 mwenye mzazi anayeweza kutembea kwa saa sita kwa siku na kulala mapema. Haimfai mtoto wa miaka mitano, wala si lazima imfae wa tisa. Baba na kijana wamekubaliana kuijaribu Januari, wawili tu, kabla shule hazijafunguliwa. Wakati huo ni wa joto kidogo, na ndio msimu wa mapeasi na mafyulisi.

Siku ya nne waliteremka na basi la asubuhi. Soni watoto walitazama maji, safari hii upande mwingine wa dirisha, na hakuna aliyetapika. Kadiri walivyoshuka ndivyo masweta yalivyovuliwa moja baada ya jingine, hadi Mombo, ambako joto liliingia madirishani pamoja na wauza korosho. Msichana alikuwa amelala, kichwa kwenye bega la baba yake. Kwenye mfuko wa shati la baba, ilikokuwa inakaa kalamu, inhela ilikuwa imechomoza.